Mahindi ya Zambarau kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Namatala, Mbale.

Shemeji Maxwell amekuja asubuhi na miwani nyeusi. Mvua inanyesha, yeye na miwani nyeusi. Ameleta ujumbe wa mama yake. Mama yake ndiye mama mkwe wangu, Nandutu.

Ujumbe ni huu. Shamba la marehemu mke wangu Gorreti, msimu ujao litalimwa na mtu mmoja tu. Mimi au Maxwell. Mpaka sasa tunagawana. Mimi upande wa juu, yeye upande wa chini. Mama amechoka na kelele zetu. Jumapili kila mmoja apeleke unga wa mahindi aliyovuna. Yeye atapika, atakula. Unga utakaompa nguvu, mwenye unga huo anachukua shamba.

Nguvu. Amesema nguvu! Nimecheka moyoni. Maxwell hawezi kuinua hata gunia la pumba.

Lakini nimeogopa pia. Gorreti alilima pale na mimi tangu tuoane. Mawe ya mpakani aliyapanga kwa mikono yake. Yeye hayupo. Shamba likienda, sina kitu chake tena hapa Mbale. Nitarudi Budondo, kule Jinja, nilale nyuma ya nyumba ya kaka. Sitaki.

Mama Nandutu namheshimu kuliko padri. Uso wake sijauona sawasawa hata siku moja. Kwetu Busoga na kwao Bugisu ni yale yale: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mkono, hawali pamoja. Akitokea njiani, mimi naingia migombani. Namjua kwa visigino. Ni visigino vya mtu wa kazi, vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Na sauti. Akiita mbuzi wake kule juu, huku chini watu wanasimama.

Umri ule na bado analima. Macho tu ndiyo yanamsumbua. Jua likishuka, anapapasa.

Mimi nina mahindi ya zambarau! Mbegu nilipewa na Faraj, rafiki yangu wa Jinja. Tulibeba mizigo pamoja zamani. Namatala nzima hakuna mtu ana mahindi haya. Ukivua majani unakuta kitu cheusi-cheusi, kinang'aa kama kiatu cha afande. Maxwell amepanda ya rangi ya machungwa. Namwonea huruma.

Jumanne, 5 Agosti.

Madamu Margret, afisa wa kilimo, ameongea leo pale zahanati, chini ya turubai. Nilienda kwa sababu Maxwell alienda. Nilikaa nyuma yake nione anaandika nini. Mimi sikuandika. Kichwa kinatosha.

Mwanamke huyu anajua mahindi! Aliweka manne mezani. Nyeupe, njano, machungwa, zambarau. Zambarau ilipotoka kwenye mfuko watu walisema eee. Nilisikia fahari kama mtoto wangu ameitwa mbele shuleni.

Alisema yote yanashibisha. Nyeupe inashibisha, lakini kwa macho haina kitu. Njano ina kidogo cha macho. Ya machungwa ina vitamini A kuizidi, inasaidia macho na ngozi. Zambarau ni habari nyingine. Ile rangi yenyewe ndiyo kazi. Alisema mwili nao unashika kutu kama jembe lililoachwa nje. Rangi ile inapigana na kutu. Akasema pia si dawa, haiponyi mtu, ni chakula kizuri tu. Hapo alikuwa anajishusha.

Kutu naijua. Nilielewa kabla ya wote.

Mzee Ojok, afande wa jela aliyestaafu, akasimama. Akasema mahindi ya njano ni chakula cha wafungwa na cha mwaka wa njaa, kwake hayaingii. Watu wakampigia makofi. Margret akangoja wamalize.

"Afande," akasema, "hiyo mahindi ilikuja wakati wa njaa. Lakini si yeye alileta njaa."

Ojok akakaa. Mwanamke huyo! Ningekuwa na gunia pale ningempa lote.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza zambarau na machungwa, ipi kubwa. Akasema ni kama kuuliza kati ya jicho na mguu kipi kikubwa. Nimejua maana yake. Ni zambarau. Hakutaka kumwaibisha Maxwell mbele ya watu.

Halafu akasema sasa jambo la mwisho, la maana kuliko yote, jambo la mashine ya unga. Nikatoka. Mimi ndiye mtu wa mashine! Nabeba magunia kwa Siraje tangu mashine yake iwe mpya. Ataniambia nini? Maxwell akabaki pale, anaandika.

Jumatano, 6 Agosti.

Vita.

Nilikuwa napukuchua mahindi yangu mlangoni. Maxwell akaja na beseni lake. Akalitua mbele yangu kwa nguvu. Ndani mahindi ya machungwa, na katikati ya machungwa punje za zambarau. Moja hapa, tatu pale, kama nzi kwenye maziwa. Akasema nimemchezea. Nimeingia shambani kwake.

Mimi sikuingia. Faraj alinieleza jambo hili zamani. Mahindi yana ua juu. Ua lina vumbi. Upepo unachukua vumbi la mahindi yangu unaliangusha kwenye nywele za mahindi yake. Basi. Punje inazaliwa na rangi ya baba.

Nilipokuwa namweleza, nikapata wazo. Nimekaa nalo kidogo. Likazidi kuwa zuri. Nikamwambia Maxwell, kumbe hawa watoto baba yao ni wangu. Na kwa desturi yenu na yetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Toa punje zangu.

Maxwell akavua miwani. Sijawahi kuona akivua.

"Sawa, mulamu," akasema. Mulamu ndiyo shemeji kwa watu wa hapa. "Chukua watoto. Lakini leta mahari kwanza. Mama yao alisimama shambani kwangu msimu mzima, wewe hata salamu hukuleta."

Akina mama wa bomba la maji walicheka mpaka mmoja akaangusha jerikeni.

Jibu zuri. Nakubali. Sijui alilitoa wapi. Nikaenda nyuma, nikakamata kuku wangu, nikamletea. Akamtazama kuku. Akasema kwa kuku huyu hapana, hawa mabinti wamesoma.

Kuku nimerudisha. Punje sikupata.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimefikiria. Maxwell anaingia kwa mama yake anavyotaka. Anakula kwake. Anasifu machungwa yake kutwa. Mimi hata hodi siwezi kupiga. Ikifika Jumapili mama atakuwa ameshajazwa maneno.

Mpango: niongee na mbuzi.

Mbuzi wake anafungwa karibu na jiko. Mama alikuwa ndani ya jiko, moshi unatoka. Nikasimama nje, mgongo kwa jiko, heshima kamili. Nikamsalimia mbuzi kwa sauti kubwa. Nikamweleza habari ya kutu. Nikamweleza jembe. Nikamwambia, mbuzi, mtu akila zambarau mwili wake hauli kutu, atalima mpaka wajukuu waombe kupumzika. Mbuzi alikuwa anatafuna kamba.

Halafu ile sauti.

"Wewe mbuzi, ambia huyo mtu mimi si kiziwi."

Nikamwomba mbuzi samahani. Nikapunguza sauti.

"Muulize hiyo posho yake itachafua meno?"

Nikamwambia mbuzi hapana, ugali huu hauchafui meno. Ulimi kidogo.

Mwiko ukagonga sufuria. Kisha akauliza kwa upole zaidi.

"Muulize kama Gorreti alikula."

Nilimtazama mbuzi, mbuzi akanitazama. Nikasema hapana. Hakuikuta mbegu hii. Lakini angeipenda. Alipenda kitu chochote ambacho jirani hana.

Nilisikia mama akicheka. Kidogo sana, puani. Gorreti alicheka vile vile.

"Mbuzi," akasema, "ambia yeye asogee. Amesimama kwa mboga yangu."

Nikatazama chini. Kweli. Tuta zima.

Ni mtu mkubwa yule. Mwingine angepiga kelele tangu mwanzo. Yeye aliniacha nimalize.

Ijumaa, 8 Agosti.

Siku ya kusaga. Siraje alifungua mashine baada ya sala ya Ijumaa. Nilibeba gunia langu mwenyewe, sikutaka mtu aliguse.

Sasa hapa kuna jambo la heshima. Mama mkwe hapelekewi unga wenye maganda. Unga wa maganda ni wa mtu aliyeshindwa na maisha. Unga wa ukweni ni namba wani. Kwanza mahindi yanakobolewa, ganda linatoka. Ndipo yanasagwa. Watu wanakoboa mara moja. Mimi nikasema mara mbili.

Siraje akaniangalia. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia huyu ni mama mkwe, si jirani. Akasema haya.

Vumbi la zambarau likajaa chumba. Lilikuwa zuri! Likapaka ukuta. Likapaka kofia nyeupe ya Siraje. Nikasema moyoni, kama vumbi ni hivi, unga utakuwaje?

Unga ukatoka mweupe.

Nikaingiza mkono mpaka chini ya gunia. Mweupe. Nikauliza nani amebadilisha gunia langu. Siraje akanionyesha upande wa pili, mdomo wa pumba. Zambarau yangu yote iko chini pale, lundo, kama joho la askofu.

Nikasema basi nipe pumba.

"Bwana Kirunda," akasema, "si wewe unafukuza watu hapa wakiomba pumba?"

Ni kweli. Ndiyo desturi ya mashine. Unga ni wa mwenye mahindi, pumba ni ya mwenye mashine. Na anayefukuza watu ni mimi. Nawafukuza vizuri, hakuna aliyewahi kupata hata kiganja. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kujifukuza.

Kuku wa Siraje walikuwa wameshafika kwenye lundo. Kuku wale hawatashika kutu mpaka siku ya mwisho.

Maxwell akasaga baada yangu. Akakoboa mara moja, nusu-nusu. Nikangoja rangi yake nayo iende kwa kuku. Haikwenda. Unga ulitoka kama kiini cha yai. Mashine ile ile! Sielewi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Nimeelewa la kufanya. Pumba iliyo chini ni ya Siraje. Pumba iliyo ukutani haina desturi. Na kufagia ukuta ni kazi yangu.

Nimefagia leo kama sijawahi kufagia. Ukuta, madirisha, mbao za paa. Siraje akanisifu. Akasema kama ningefanya hivi kila wiki angefurahi. Nimepata nusu beseni ya vumbi la zambarau. Ndani yake kulikuwa na utando wa buibui na chokaa kidogo. Nimechekecha mara nyingi. Nikachanganya na unga wangu.

Rangi haikuwa zambarau. Ilikuwa rangi ya simenti.

Nikapika kidogo kujaribu. Ilisimama vizuri sana, hata mwiko ulisimama. Harufu ya dizeli, ya mbali. Nikala yote. Tumbo likanyamaza, halafu likasema jambo, halafu likanyamaza tena. Nadhani ndiyo kutu inatoka.

Jumapili, 10 Agosti.

Nitaandika polepole.

Baada ya misa tulikwenda kwa mama. Mimi nikakaa nje nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Maxwell akaingia ndani. Alikuwa amemleta Margret awe shahidi. Mtu ana akili yule, lazima niseme.

Mama alipika mwenyewe. Nilisikia mwiko. Anasonga kama anapiga mwizi. Akaanza na posho ya Maxwell. Akaomba mchuzi zaidi. Hiyo ilikuwa mbaya kwangu.

Halafu yangu. Nikasikia tonge linaingia. Nikasikia anatafuna. Halafu kitu kikavunjika. Kah! Nikaomba Mungu lisiwe jino.

Lilikuwa jiwe la ukuta.

Margret akaomba kuona unga. Halafu akawaeleza, na mimi nikasikia kupitia dirisha. Alisema zambarau ya mahindi haya inakaa kwenye koti lake, juu ya punje. Machungwa inakaa ndani ya nyama ya punje. Ukikoboa, unavua koti. Machungwa inabaki, zambarau inakwenda na pumba. Ndilo jambo lile alilosema Jumanne mwishoni. Maelezo mazuri sana. Hata mtoto angeelewa. Mimi nimeelewa kabisa.

Maxwell akaanza kuongea. Akasema mama ameona mwenyewe, na kwa macho yake ya jioni machungwa ndiyo inafaa, na shamba kwa hiyo. Niliweka mikono kichwani. Nilifikiria mawe ya Gorreti. Nilifikiria kesho nani atayang'oa apanue matuta.

Mama akamkatiza. Akaja mpaka mlango wa nyuma. Nikageukia migomba haraka. Aliongea na hewa, ili tusikie wote wawili.

"Nilisema unga unipe nguvu. Nimekula ya huyu, nimekula ya yule na mawe yake. Nguvu imekuja. Imekuja kwangu. Haikuenda kwao." Akapumua. "Basi shamba nalima mimi."

Maxwell akasema lakini mama.

"Wewe utaleta mbegu yako ya macho. Nataka kuona nani anapita njia yangu jioni. Huyu wa mbuzi ataleta ile nyeusi. Ile itakaa juu, kwa mawe ya Gorreti, mbali na ingine, zisizaane. Na ikivunwa itasagwa na ganda lake. Hayo mawe mtu asiguse."

Halafu akasema mimi nitakuja kupalilia. Akasema napaswa kupalilia kwa sababu mboga yake nimeshaipalilia.

Maxwell alivaa miwani akaondoka. Hakunisalimia. Mimi nilikaa pale pale. Nikasikia mlango, nikasikia jembe likichukuliwa ukutani. Jumapili! Umri ule! Nikachungulia chini ya majani ya mgomba. Visigino vinapanda kilima, havisimami.

Sikuchukua shamba. Lakini nitapalilia kwenye mawe yale. Kwa hesabu yangu nimeshinda.

Jumamosi, 16 Agosti. Mafubira, Jinja.

Nimekuja kwa Faraj kuchukua mbegu ya mama mkwe. Yangu niliisaga yote, sikubakiza. Nimemwambia nimeshinda. Nimefupisha kidogo.

Madina, mke wa Faraj, alinipikia uji wa zambarau. Hakukoboa, alisaga na ganda. Uji gani ule! Rangi kama anga kabla ya mvua kubwa. Ladha ya karanga kwa mbali. Nimekunywa bakuli, nikaongezwa, nikaongezwa tena. Nilisikia kutu inakimbia kwenye magoti. Nikamwambia Madina kwa upole, shemeji, uji ni mzuri kabisa, ila kwa mgeni mtu anakoboa. Madina akamwangalia Faraj. Faraj akaangalia mlango.

Faraj alinichagulia mbegu nzuri kuliko zote. Punje nene, nyeusi, zimejaa. Debe zima. Akaniambia nikazipande mvua ikianza. Nimemshukuru.

Lakini njiani nikasimama. Mimi nitampelekeaje mama mkwe kitu na maganda yake? Margret anasema koti. Sawa. Mtu akifika ukweni si anavua koti? Hapa Mafubira kuna mashine karibu na barabara. Nikaingia. Nikasema kukoboa tu, mara tatu.

Faraj ameambiwa na watu, amenifuata mbio mpaka pale. Amefika tumeshamaliza. Ameshika kichwa, anasema mbegu iliyokobolewa haioti, haijawahi kuota popote. Faraj ni mtu mwema, lakini hajui ardhi ya Gorreti. Na hajawahi kumsikia mama Nandutu akiita.

Zimetoka nyeupe, safi, zinang'aa kama meno. Mama atafurahi sana.